Nzi wa Mrehani

Asubuhi ya Ijumaa ile Bi Mardhiya alikuwa kachutama uani mbele ya chungu cha mrehani, simu mkononi, pumzi kaibana. Mumewe, Mzee Mmanga, alimwambia chai inapoa. Kwenye ua la mrehani alitua nzi mdogo kama punje ya mchele, tumbo lina mistari ya manjano.

"Watu wanawafukuza nzi, wewe unawapiga picha kama maharusi."

"Na bibi harusi mwenyewe kanipa mgongo," alisema Bi Mardhiya bila kugeuka. "Nyamaza, Baba Salhiya, ageuke."

Mmanga alitii. Lakini Ijumaa ni siku ya kufukiza, na mkono ulishazoea. Akatia udi kwenye chetezo, akapita nacho uani. Moshi ukafika kwenye mrehani kabla nzi hajatandaza mabawa, akaruka, ikabaki picha moja ya mgongoni. Bi Mardhiya alicheka, akaja kunywa chai yake, nayo ishapoa.

Kwao Chwaka. Aliolewa Mji Mkongwe, na humo ndani akashona kofia za vitobo mpaka vidole vikakataa sindano. Macho hayakukataa. Binti yao, Salhiya, akamletea lenzi ndogo ya kubana kwenye simu. Toka hapo hapakuwa na nzi aliyeingia ua ule akatoka bila ya kupigwa picha. Picha zikitumwa mtandaoni, kwa watu wanaojua nzi, na majibu Mmanga alisomewa, maana yeye skuli hakwenda. Akafahamu kuwa rangi hudanganya. Wako nzi wamevaa rangi za nyuki, na nyuki ana mabawa manne, nzi mawili. Na hawa wadogo hujulikana kwa mishipa ya bawa.

Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, Bi Mardhiya alijinyoosha kitandani. Hakuamka.

Wanawake wa msibani waliuchuma mrehani wote, kama ilivyo ada, ukaenda naye. Chunguni vikabaki vijiti.

Matanga yalipokwisha likaja jibu la ile picha ya Ijumaa. Mishipa ya bawa haionekani, nzi hatambulikani. Salhiya alilisoma, akailaza simu.

Mmanga alitaka nzi yule apate jina. Hakutaka jengine. Akawa anamwagilia vile vijiti asubuhi na jioni, na udi wa Ijumaa anafukiza chumbani, mlango kaufunga.

Mrehani ulipotoa maua, nzi wakarudi. Mmanga akaishika ile simu mwenyewe; picha zake za mwanzo zilikuwa ukungu mtupu. Akapindua kinu, akaegemeza kiwiko juu yake, akabana pumzi kama alivyomuona Bi Mardhiya akifanya. Akakaa hivyo asubuhi nyingi. Mwisho akaja mmoja mwenye mistari ya manjano, akatua, akatandaza mabawa, akatulia kama aliyeambiwa.

Picha ilitoka safi. Salhiya akaituma, na jibu likaja na jina la Kilatini, refu, hata yeye likamshinda kulitamka.

"Sasa nnaliandika na kwenye ile ya mama," alisema. "Mistari ile ile, mrehani ule ule. Ndiye huyu, Baba."

Mmanga aliziomba picha zote mbili. Alizitazama sana, hii na ile. Kisha akauliza kama kwenye ile ya mama mishipa inaonekana.

Salhiya akasema haionekani.

"Basi usiandike."

"Itabaki bila ya jina, Baba. Na ndiyo picha yake ya mwisho."

"Najua."

Akamsimulia. Siku moja, chai inapoa vile vile, yeye mwenyewe alimhimiza Bi Mardhiya ambahatishie nzi jina lolote, waje wanywe. Salhiya alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua simu, na chini ya picha ya Ijumaa akaandika neno moja tu. Maana alipohimizwa, Bi Mardhiya alijibu:

"Kama bawa hukuliona, Baba Salhiya, sema nzi tu. Nzi si uongo."