Lango la Jaa

Eliona alipopewa lango la jaa, wanajumuiya wote waliangua kicheko. Hawakucheka kwa ubaya. Pale Old Moshi kila mtu alimjua kwa ng'ombe wake na toroli la samadi. Lakini yeye alinuna.

Mwinjilisti Rachel alikuwa akiwafundisha habari za Nehemia, jinsi malango ya Yerusalemu yalivyoungua na kujengwa upya. Alikuwa amewagawia malango hayo, kila mtu akatafakari lake nyumbani. Wenzake walipata la kondoo, la samaki, la chemchemi.

"Mimi ndiye wa kupewa la takataka?" Eliona aliuliza.

"Mama, nalo lilijengwa kama mengine, likawekewa milango na makomeo," Rachel alimjibu. "Nenda kalitafakari."

Alilitafakari akiwa bandani, chepe mkononi. Kinyesi kikilala ndani, kwato za ng'ombe huoza. Kikitoka, migomba hunenepa na kahawa huzaa. Mji wa Mungu nao, aliwaza, ulihitaji mahali pa kupitishia uchafu. Bila hapo, hata wanaoimba hekaluni wangeugua.

Akainua macho, akaona mbao zilizopigiliwa kwenye uzio wa mimea ya masale.

Zamani hapo palikuwa na njia. Upande wa pili ni shamba na makazi, kihamba cha Filemon, mdogo wa marehemu mumewe, Wilson. Wilson alipolazwa hospitali wiki nyingi, Filemon hakuja kumwona hata mara moja. Siku ya mazishi Eliona alimwambia mbele ya ukoo mzima, "Umekuja kuzika mtu uliyemkimbia." Matanga yalipokwisha, akapigilia mbao zile kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo walipishana barabarani kama wageni.

Zamu yake ilipofika, Eliona alisimama kwenye jumuiya, akashika kiti cha mbele yake.

"Mimi nilidhani nimemfungia mtu nje," alisema. "Kumbe nimejifungia na uchafu wangu ndani. Nimekaa nao tangu Wilson afe, na unanuka. Niombeeni."

Hakuna aliyecheka.

Kesho yake asubuhi alikata jani la sale, akalifunga fundo kama wazee wanavyofanya mtu anapokwenda kuomba radhi. Akazunguka kwa barabara hadi kwa Filemon, akabisha hodi.

Filemon alipoliona lile jani aliinuka, akavua kofia. "Shemeji," alisema.

"Nilikuaibisha mbele ya watu. Nisamehe," Eliona alisema. "Lakini niambie, kwa nini hukuja?"

Filemon aliketi tena taratibu. "Nilikuja. Nilifika mpaka getini pale hospitali, nimeshika chupa ya maziwa. Hospitali ileile ndiko tulikomtoa baba akiwa maiti. Nilisimama getini, miguu ikakataa. Siku nyingine nikajaribu tena, ikawa vilevile. Maziwa nikampa mama mmoja aliyekuwa akiingia. Ningemwambia nani jambo kama hilo, mtu mzima kama mimi?"

Eliona alikuwa amejiandaa kusikia uongo, au kiburi. Hasira ilimpanda hata hivyo, maana Wilson alikuwa akiuliza kila jioni, "Filemon hajafika?" Alitaka kumwambia hivyo. Alimtazama shemeji yake, ndevu zimejaa mvi, akaona si leo. Akamwekea lile jani mikononi, akarudi nyumbani akilia njiani bila kujificha.

Kabla ya jua kuwa kali alisikia nyundo uani. Filemon alikuwa akizing'oa mbao kutoka upande wake. Eliona alichukua shoka, akasaidia kwa upande wa kwake. Msumari mmoja ulikataa kabisa kutoka, wakauacha.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Siku nyingine Eliona aliamka na uchungu uleule, akapita pembeni asimwone. Lakini Pasaka ilipofika, Filemon alikuja na jembe, wakapalilia pamoja kaburi la Wilson pale mgombani. Ndipo Eliona alipomwambia habari za zile jioni, jinsi kaka yake alivyokuwa akimuulizia.

Filemon aliweka jembe chini. "Alikuwa na hasira nami?"

"Hapana," Eliona alisema. "Alikuwa akikutetea, mimi nikakataa kumsikiliza. Alisema wewe tangu utotoni huwezi kumwona mtu akiumwa."