Kigoda cha Mlangoni

Juzi nilifikia kwa mama mmoja kisiwani Ngazidja, penye mlima wa volkano. Kabla hajanionyesha kitanda, alinionyesha mlango. "Ardhi ikitikisika, acha mizigo, toka." Nikamkumbuka Mama Riziki.

Alikuwa jirani yetu Kasulu, Mkongo aliyekulia chini ya mlima kama ule. Kila alipotutembelea alikikataa kiti chetu kizuri cha ndani. Alivua viatu, akavielekeza nje, akaketi kwenye kigoda pale mlangoni. Mama alinuna: mgeni gani huyu anayeidharau nyumba? Mimi niliamini anakimbia harufu ya mihogo yetu iliyovundikwa.

Alasiri moja vikombe vilianza kugongana kabatini. Nilidhani lori linapita. Mama Riziki alikuwa ameshanidaka mkono. "Batoto, mutoke inje!" Tulipofika uani, tulisikia matofali ya juu ya ukuta yakiporomoka. Yaliangukia kile kiti kizuri.

Aliporudi kututembelea, Mama hakumkaribisha ndani. Alileta kigoda cha pili, akakiweka mlangoni kando ya kile cha mgeni. Kisha akavua viatu vyake, akavielekeza nje.