Ukoo Usio na Ugonjwa

Umi wa Kilangala alikuwa hodari wa kubangua korosho, na hodari zaidi wa kubana siri. Mama yake alikufa kwa saratani ya titi. Kijijini ikasemwa homa. Mama mdogo naye akafa hivyohivyo, ikasemwa presha. Alipozikwa dada yake, mtani wao Salome aliingia matangani amejishika kifua, anagugumia kwa mzaha.

"Jamani, wenzenu wanarithishana mikorosho, ninyi mnarithishana matiti mabovu!"

Watu wakacheka, maana mtani hakasirikiwi msibani. Umi alikasirika. Alimsukuma Salome mpaka nje, mbele ya wazee, na aibu ya kitendo hicho ikamwangukia yeye. Akaona heri hiyo. Hafsa, binti yake wa pekee, alikuwa bweni Kilwa Masoko, hakusikia. Na maneno kama yale yakienea, nani angekuja kumposa?

Hafsa akaposwa, akaolewa vizuri tu. Kisha titi la Umi mwenyewe likaota uvimbe, likakatwa. Siku ya kurudi kliniki Hafsa alimsindikiza, na daktari akauliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuugua hivyo.

"Hakuna," alisema Umi. Uongo wa miaka mingi hauhitaji kufikiriwa. "Kwetu ni mimi tu."

"Basi tusimhangaishe binti," alisema daktari. "Ziko koo zenye hitilafu kwenye vinasaba, na mtoto huweza kuirithi kwa mama au kwa baba. Anayeirithi si lazima augue, ila hatari yake ni kubwa, kwa hiyo tunampima na kumfuatilia mapema. Ninyi hamna historia hiyo. Tumshukuru Mungu."

"Alhamdulillahi," aliitikia Umi. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Kusema sasa ni kujivua nguo mbele ya mtoto aliyemzaa. Kunyamaza ni kumwuza mtoto huyohuyo kwa heshima ya marehemu. Waliaga, wakainuka. Mlangoni Umi akageuka.

"Daktari, nisamehe. Nimekudanganya." Alisema akitazama sakafu. "Mama yangu alikufa kwa hilihili. Na mdogo wake. Na dada yangu. Wote tuliwazika kwa majina ya maradhi mengine, na aliyesema kweli nilimfukuza msibani."

Alisubiri Hafsa amlaumu, na angeyapokea yote. Hafsa hakumlaumu. Alirudi akaketi, akavuta mtandio wake, akajishika chini ya kwapa.

"Mama, hapa pana uvimbe," alisema taratibu. "Ninao tangu Ramadhani, kabla wewe hujalazwa. Niliona haya kuwa wa kwanza katika ukoo."