Saa Isiyoona Miguu ya Msukuma Machela

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha mashuka cha hospitali, mwanamume wa miaka hamsini na mmoja ameketi kwenye kiti cha plastiki. Anavuta shuka, analikung'uta, analikunja mara nne, analipiga kofi la kulinyoosha. Saa iliyo mkononi mwake inatikisika naye.

Wenzake wanamwita Dereva. Kwa miaka kumi na tisa amesukuma machela za wagonjwa kutoka mapokezi hadi eksirei, kutoka eksirei hadi upasuaji. Leo haruhusiwi kugusa hata kiti cha magurudumu.

"Mtu mzima nimewekwa hapa kama pambo," anasema, wala hacheki.

Mambo yalianza daktari alipomwambia presha yake imepanda, na kwamba asipopunguza kilo kumi kabla ya upimaji wa wafanyakazi, ataondolewa kwenye machela. Binti yake akamnunulia saa inayohesabu hatua, akaiunganisha na programu ya lishe kwenye simu ya baba yake. Programu ilipoambiwa kuwa mzee anatembea kutwa, ikampangia kalori elfu mbili kwa siku. Ilipouliza kama hesabu irekebishwe kufuatana na saa, binti akakubali: baba akitembea zaidi aongezewe chakula, akitembea kidogo apunguziwe.

Kumbe saa hiyo haioni miguu. Inahesabu hatua kwa jinsi mkono unavyopunga, na msukuma machela hapungi mkono. Ameshika chuma kwa mikono miwili tangu asubuhi hadi jioni. Dereva alikuwa akitembea kilomita kumi na tano, saa ikaona hatua elfu mbili. Programu ikamhesabu mvivu, ikamkata kalori mia sita, siku nyingine mia saba.

Naye akatii. Mchana alikula nusu sahani, akashushia maji mengi. Karani wa mapokezi, anayeshinda kitini akigonga mihuri, siku moja aliivaa saa hiyo kwa utani akapata hatua elfu nne kabla ya saa sita. Watu walicheka hadi machozi. Hospitali nzima imejaa watu waliosomea mwili wa binadamu, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Inakera.

Aliyeuliza ni mke wake, ambaye hakusomea chochote.

"Nilimwambia, baba watoto, tangu lini saa ikajua njaa ya mtu? Akanijibu nisishindane na mitambo." Kikulacho ki nguoni mwako, anasema mama huyo, ila cha mumewe kilikuwa mkononi.

Wiki ya saba, akimpeleka bibi mmoja upasuaji, macho yalimwingia giza kwenye mteremko wa wodi ya pili. Machela ikamponyoka, ikagonga ukuta. Bibi alivunjika mkono.

Anapofika hapo Dereva anaacha kukunja.

"Aliniambia, mwanangu, nisukume polepole. Nikamjibu, usijali mama, uko na mimi."

Mtaalamu wa lishe wa hospitali aliifungua ile simu siku ya pili yake, akaliona kosa kwa dakika tano. Hizo dakika tano hazikupatikana katika wiki saba zote. Presha imeshuka, kilo zimepungua kumi na mbili, na barua ya kumwondoa kwenye machela imekuja vilevile.

Binti yake bado analia kila akija kumwona. Dereva hamlaumu. Anasema mtoto alimtakia uzima. Mjinga ni yeye aliyeacha kulisikiliza tumbo lake.

Mwezi ujao uongozi utamwita tena. Amekwisha kuwaomba wamjaribu. "Wanipakilie hata magunia ya mchanga, nisukume mbele yao, kwenye mteremko uleule." Saa ataendelea kuivaa hadi siku hiyo, awaonyeshe hesabu za machela na hesabu za mashuka, wasome wenyewe.

Saa nane mchana mwandishi wa makala haya anapoaga, saa inatetemeka. Dereva ananyoosha mkono ili isomwe: hongera, umetimiza hatua elfu kumi, umeongezewa kalori mia nne. Tangu asubuhi ameinuka mara moja tu, kwenda msalani.

"Wiki saba nilizotembea sikupewa hongera hata moja," anasema, akivuta shuka jingine.