Ndege Tuliyoisikia Uwanjani Musoma

Enzi zetu sisi watoto wa mtaa wa Kitaji, ndege ikija ilikuwa sikukuu. Ukisikia mvumo unaacha michembe, vile viazi vikavu, kwenye sahani, unakimbilia uwanjani miguu peku, mama anakupigia kelele nyuma, "Hao marubani ndio watakulisha jioni?" Watoto wa leo ndege inawapita juu hawana habari, utadhani imepita bodaboda.

Uwanja haukuwa na uzio, na mbuzi wetu tuliwachungia hapohapo. Kwetu sisi mwenye uwanja alikuwa Mama Bhoke, mfyeka nyasi, mrefu, asiye na maneno mengi. Alisikia ndege kabla ya mtu yeyote. Anasimamisha panga, anatega sikio ziwani, anasema, "Inakuja." Hakuwahi kukosea.

Siku moja ilikuwa mchana, jua kali, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Wadudu wa ziwani walikuwa wamesimama juu ya maji kama moshi mweusi. Mama Bhoke akageuka ghafla.

"Inakuja. Toeni mbuzi, haraka!"

Tukawaswaga. Sasa hata sisi tukaisikia. Mvumo ukakua, ukatupita juu ya vichwa, chini kabisa, mpaka nikainama. Nyasi zikalala. Nikatazama juu: anga tupu. Mvumo ukaenda mpaka mwisho wa uwanja, ukakatika.

Karani wa uwanja akatoka ofisini, uso umempauka. "Mama, leo hakuna ndege. Sijaletewa taarifa yoyote."

"Mbuzi wasirudi," Mama Bhoke akajibu.

Tukakaa, hakuna aliyethubutu kwenda nyumbani peke yake. Kama nusu saa hivi ikapita. Ndipo ndege ndogo ikatokea katikati ya wale wadudu, bila sauti kabisa, pangaboi lake limesimama. Ikashuka kimya, ikagusa ardhi palepale mbuzi walipokuwa wakila, ikaserereka, ikasimama.

Rubani alikuwa dada, rubani mwanamke wa kwanza niliyemwona maishani. Nyuma yake alilala mama mjamzito kutoka visiwani, uchungu umemshika.

"Nani kawaambia mtoe mbuzi?" rubani akauliza, anahema.

"Tulikusikia," nikasema.

Akanitazama. "Injini ilizima mbali kule, juu ya maji. Hamkuweza kunisikia."

Yule mama alijifungua salama. Wiki iliyofuata dada akarudi, akataka kumpandisha Mama Bhoke aone mji kutoka juu. Mama Bhoke akarudi hatua moja nyuma.

"Asante, mwanangu. Mimi bado nasikilizaga ile ya kwanza. Haijatua."

Siku hizi mjukuu wangu ananionyesha kwenye simu kila ndege iliyoko angani, inakotoka na inakokwenda. Nilimuuliza, ile isiyoonekana kwenye simu ataijuaje? Akacheka sana, nami nikacheka naye. Lakini mchana upepo ukikatika na Musoma yote ikatulia, vijana wanaendelea na mazungumzo yao. Sisi wa zamani tunatega sikio ziwani.