Swichi ya Mzee Ufunguo

Watu wa hospitali yetu wanasema Mzee Ufunguo alijitakia. Wanasema hivyo kwenye foleni ya chai, midomo imejaa mkate, watu ambao hawajawahi kukata hata jani moja. Mimi nilifanya naye kazi miaka kumi na minne, yeye kwenye mashine ya kukata nyasi, mimi kwenye maua, kwa hiyo acheni niseme ninachokijua.

Jina la Ufunguo tulimpa sisi. Mashine yake ilikuwa ile ya kukalia, yenye usukani na magurudumu manne, visu vipo tumboni. Kila aliposhuka, hata kuokota chupa tu, alizima injini, akavuta breki, akachomoa ufunguo na kuutia mfuko wa shati, ndipo akainama. Kabla ya kuwasha alizunguka uwanja kwa miguu akiokota mawe, maana jiwe likipigwa na kisu linaruka mpaka dirishani. Mteremko wa nyuma ya chumba cha kufulia aliukata kwa kwenda juu na chini, kamwe si kwa ubavu, na umande ukiwepo hakuugusa kabisa. Sheria zake alizipaka rangi kwenye ubao, akautundika mlangoni mwa stoo. Siku niliyoegemea mashine injini ikinguruma alinipa vidonge vyangu mbele ya watu, nikamnunia wiki nzima.

Sasa habari ya kiti. Chini ya kiti kile kuna swichi. Ukikaa, uzito wako unaibana na injini inaendelea. Ukiinuka au ukianguka, inaachia, na kila kitu kinazima palepale. Mzee aliipenda swichi ile. "Hii ndiyo inayonirudisha kwa mke wangu na miguu miwili," alikuwa akisema.

Mwaka wake wa mwisho kazini akaanza kukonda. Suruali akawa anaifunga kwa kamba. Tulimtania kwamba mkewe amemnyima chakula, naye akacheka kwa shida. Baadaye mashine nayo ikaanza kuzima katikati ya uwanja. Tairi likiingia kwenye kishimo, Mzee anarushwa kidogo, swichi inaachia, kimya. Anawasha, anasogea hatua kumi, kimya tena.

Fundi akaitwa, pande la mtu la kilo mia. Alipokaa yeye, mashine ikaenda bila neno.

"Mashine ni nzima, Mzee," alisema akishuka. "Wewe ndiye umekuwa mwepesi. Kiti kinataka springi laini zaidi. Nitaandika ombi."

Ombi liliandikwa, likapelekwa kwa msimamizi wetu, likalala huko. Miezi miwili baadaye nililiona mezani kwake kwa macho yangu, limegeuzwa kisahani cha kikombe cha chai.

Msimamizi hakuwa na muda wa springi. Nyasi zilikuwa zimefika magotini na wakaguzi walikuwa njiani. Alimfuata Mzee uwanjani, nami napalilia hatua tano tu kutoka hapo.

"Mzee, kama mashine imekushinda, sema. Nje ya geti wapo wengi."

"Haijanishinda, bosi."

"Basi nisisikie tena inazima."

Na kweli, haikuzima tena. Nilishangaa. Jioni moja nikaingia stoo, nikainua kiti, nikaona kipande cha mpira wa tairi kimefungwa kwa waya, kimeibana swichi. Nilipogeuka, Mzee alikuwa mlangoni.

"Mama Maua, ukisema, unga wangu umemwagika. Dawa zangu nazipata bure hapa kwa sababu ni mfanyakazi. Wakinitoa, nitazipata wapi?"

"Na ule ubao wako, Mzee?"

Akautazama. "Ubao niliuandika nikiwa na kilo sabini."

Nikakishusha kiti, wala sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba namsitiri, lakini ukweli ni kwamba msimamizi nilikuwa namwogopa kama walivyomwogopa wengine wote.

Zilipita siku kumi na moja. Asubuhi ya wakaguzi, msimamizi alitaka mteremko ukatwe kabla hawajafika. Umande ulikuwa haujakauka. Mzee alisimama pale chini akiutazama, kisha akapanda. Nilikuwa nafunga waridi kwenye kijiti niliposikia tairi likiteleza. Alitupwa upande. Mashine ikarudi chini kinyumenyume, visu vinazunguka, ikampitia mguu.

Sijui nilifikaje. Nilizima, nikapiga magoti karibu naye. Uso ulikuwa umempauka, lakini alinishika mkono wa gauni.

"Umechomoa ufunguo?"

"Nimechomoa, Mzee."

"Utie mfukoni."

Iliundwa kamati ya watu watatu, na msimamizi alikuwa mmoja wao. Sikieni hilo vizuri. Ubao wa Mzee ulikuwa mezani. Waliniuliza kama alijua hatari ya kuibana swichi. Hasira zikanipanda, nikaona wanataka kumfanya mzee wa watu mjinga asiyejua kazi yake.

"Alijua kuliko sisi wote!" nikawaambia. "Sheria hizo kaziandika kwa mkono wake!"

Katibu akaandika. Nikaendelea na habari ya ombi la springi. Msimamizi akasema ombi kama hilo halikumbuki. Hapo katibu alikuwa ameshafunika kalamu.

Barua ilitoka wiki iliyofuata. Mfanyakazi alivunja kwa makusudi sheria alizozijua vyema. Kazi imekwisha, na matibabu ya bure yamekwisha pamoja nayo. Niliisoma kwenye ubao wa matangazo, nikayatambua maneno yangu.

Jumapili nilikwenda kumwona. Mkewe alinikaribisha, akanipa kigoda kando ya kitanda. Blanketi lilikuwa limelala bapa pale mguu ulipokuwa. Juu ya dirisha palikuwa na chupa moja ya dawa, imebaki robo. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kila kitu, njia nzima nilikuwa najifunza maneno.

"Walikuita?" akaniuliza.

"Waliniita."

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia kwamba kazi unaijua kuliko sisi wote."

Macho yakamlowa. Alinyoosha mkono akaushika wangu, na mkono wake ulikuwa mwepesi sana.

"Asante, Mama Maua," akasema. "Angalau wewe ulinitetea."

Nikamjibu kwamba si kitu.