Kihispania Changu Mbele ya Mama Mkwe

Nichekeni tu, lakini mume wangu asijue nimewasimulia. Miezi mitatu najifunza Kihispania kwa simu, hapa Awindiri, bila mtu wa kuongea naye. Jumapili mama mkwe akaja kutoka Koboko na rafiki yake, sista Mhispania. Nilitamani kuruka!

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimefika kwenye somo la heshima. Mgeni humwambii "kula". Unageuza mwisho wa kitenzi, kama sisi tunavyosema "ule". Basi comer inakuwa coma, na hiyo c unaitamka kama k yetu.

Nikaweka kuku mezani. Mama mkwe akachukua paja, sista naye akanyoosha mkono. Nikasimama, nikapiga makofi, nikapaza sauti: "Coma! Coma!"

Paja likarudi kwenye sahani.

"Mimi nikome?" akauliza mama mkwe. "Kwa nyumba ya mtoto yangu?"

"Hapana, mama! Ni Kihispania! Maana yake ule!"

"Lugha gani hiyo, inakaribisha mutu na matusi?"

Nikamgeukia sista aniokoe. "Sista, mwambie mama. Si nimesema vizuri?"

Ndipo nikaona naye ameuficha mkono wake chini ya meza.

"Umesema vizuri sana, binti yangu," akajibu, kwa Kiswahili. "Lakini mimi iko Koboko miaka kumi na mbili. Hata mimi nimesikia koma."